Kinu Kwanza, Mashine Baadaye: Kuchagua Chombo cha Kahawa kwa Nyumba ya Mkulima

Hotuba kwa wanachama wa ushirika wa wakulima wa kahawa, mkoani Kilimanjaro. Imewekwa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, baba zangu, ndugu viongozi wa chama, na ninyi vijana mliosimama mlangoni, karibuni ndani, huku mbele nafasi zipo.

Naanza na maswali mawili. La kwanza: nani hapa amepeleka kahawa kwenye mizani ya chama msimu huu? Nyosheni mikono. Naam, karibu ukumbi mzima. La pili: nani hapa asubuhi ya leo amekunywa kahawa ya shamba lake mwenyewe? Mkono mmoja. Miwili. Na mama pale dirishani, mitatu.

Ndugu zangu, hilo ndilo lililonileta. Mbuni uko hatua ishirini kutoka jikoni, chini ya mgomba. Mnajua kuupogolea. Mnayajua magonjwa yake, chule buni na kutu ya majani. Mnachuma nyekundu tupu, mnamenya, mnavundika, mnaosha, mnaanika kwenye vichanja, na wingu likitanda mnakimbia kufunika. Kahawa hiyo inashuka Moshi, inakobolewa, inauzwa mnadani, inavuka bahari. Halafu mgeni akibisha hodi, tunamchotea kijiko cha unga wa kopo. Simkatazi mtu kopo lake. Nauliza tu: kwa nini mwenye mbuni awe wa mwisho kujua ladha yake?

Tufanye hesabu kidogo. Bakiza kilo 1 ya kahawa iliyokobolewa. Ukiikaanga inapungua uzito, unabaki na gramu 840 hivi. Kipimo kizuri ni gramu 60 kwa lita 1 ya maji. Kwa hiyo kilo hiyo moja inakupa lita 14, yaani vikombe 56 vya mililita 250. Kilo moja! Nyumba ya watu wawili wanaokunywa kikombe kimoja kimoja kila asubuhi inamaliza mwezi mzima wa Februari.

Sasa, wengi mmekuwa mkiuliza: tununue mashine gani? Naomba mnisamehe, swali hilo ninaliweka la tatu. La kwanza ni kinu. La pili ni moto wa nyumba yako. La tatu ndiyo mashine. Ukianza na la tatu utapoteza pesa, na mashine itaishia juu ya kabati ikiwa imefunikwa kitambaa.

Tuanze na kinu.

Kahawa iliyosagwa ni kama mbao zilizopasuliwa kwa ajili ya moto. Vipande vikilingana, vinaungua pamoja. Vikipishana, vidogo vinakuwa majivu wakati vikubwa bado vibichi. Maji ya moto yanafanya hivyo hivyo kwenye kahawa. Vumbi linatoa utamu wake haraka na kuanza kutoa uchungu. Mapande makubwa yanabaki yamejifunga na kutoa uchachu mkali. Kikombe kimoja kinakuwa kichungu na kichachu kwa pamoja, na mnywaji analaumu kahawa. Kahawa haina kosa. Kosa ni la kinu.

Vile vinu vidogo vya umeme vyenye kisu kinachozunguka, vinavyouzwa kwa kusagia viungo, havisagi, vinakatakata. Ukivitumia, bonyeza kwa sekunde tatu tatu, tikisa, bonyeza tena, na bado utapata vumbi na mapande. Kinu cha kahawa hasa kina vyuma viwili vyenye meno: kimoja kimetulia, kingine kinazunguka, na punje inapita katikati. Kuna skrubu au pete ya kusogeza vyuma hivyo karibu au mbali. Usinunue kinu kisichokuwa na pete hiyo. Cha mkono kinatosha nyumba nyingi: gramu 15 unazisaga kwa dakika moja au mbili. Kabla ya kulipa, shika mhimili wa mkono wake uutikise. Ukicheza cheza, vyuma vitapishana, na usagaji hautalingana hata kama rangi ya nje inang'aa.

Na asiye na kinu hicho je? Ana kinu na mchi. Tena vinafaa, mradi uchekeche. Twanga kidogo kidogo, pitisha kwenye chekecheo la unga, kilichobaki juu kirudi kinuni.

Sasa nyosha kidole gumba na cha shahada, hivi, usugue kahawa iliyosagwa. Vidole ndiyo kipimo chako. Kahawa ya birika la kubonyeza, ambalo wengi wanaliita presi, iwe kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Ya chujio la karatasi iwe kama mchanga mwembamba wa mtoni. Ya moka, birika dogo la kuweka jikoni nitakalowaonyesha, iwe kama chumvi laini ya mezani. Ile ya kuchemsha mpaka itulie yenyewe chini, isugulike kama unga wa ulezi. Mkikumbuka hayo manne, mmeshamaliza nusu ya kazi ya leo.

Mashine ya elfu themanini ikipata kahawa iliyosagwa sawasawa itaishinda mashine ya milioni mbili iliyopewa kahawa iliyokatwakatwa. Kwa hiyo bajeti ikiwa ndogo, kata kwenye mashine. Usikate kwenye kinu.

La pili, moto wa nyumba yako.

Niwape kisa kinachojirudia huku kwetu kila Desemba. Watoto wanarudi nyumbani. Mmoja anatoka Marekani, na kwa mapenzi yote amembebea mama mashine ya kahawa, nzuri, mpya, ndani ya boksi lake. Pini za waya hazilingani na soketi, anatumwa mtu dukani kuleta adapta. Mashine inachomekwa. Taa inawaka. Baada ya dakika moja inasikika harufu ya plastiki inayoungua, na mashine imekufa kabla haijatoa hata kikombe kimoja. Nini kimetokea?

Umeme wa Marekani ni volti 120. Wetu ni volti 230. Adapta inabadilisha umbo la pini tu, volti haizigusi. Kipasha joto kilichotengenezwa kwa volti 120 ukikipa 230 kinavuta nguvu karibu mara nne. Mashine ya wati 900 inalazimishwa kubeba zaidi ya wati 3,000. Ikiwa na bahati, fyuzi yake ya joto inakatika. Ikikosa bahati, ni moto. Geuza mashine, soma kibati kilicho chini yake. Kikiandikwa 220–240V, chomeka. Kikiandikwa 120V peke yake, acha, maana transfoma ya kubeba mzigo huo ni nzito na bei yake inatosha kununua mashine nyingine hapa hapa. Aliyeko Uingereza au Ujerumani hana tatizo hilo. Volti zao ni kama zetu, Ujerumani pini tu ndizo tofauti.

Kwa hiyo mtoto akipiga simu Novemba kuuliza alete nini, mwambieni: mwanangu, leta kinu cha mkono. Hakihitaji volti.

Wenye sola, angalieni inveta. Mashine ya kawaida ya chujio ya umeme inataka wati 900 au 1,000. Inveta ya wati 300 itazima yenyewe au iungue. Wenye umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, msiogope gharama: kuchemsha lita 1 ya maji kunakula karibu sehemu moja ya kumi ya uniti. Kinachowasumbua ninyi ni umeme kukatika saa kumi na mbili asubuhi, wakati kahawa ndiyo inatakiwa. Mtungi wa gesi haukatiki namna hiyo, na mkaa upo, na kuni zipo. Mimi naona nyumba nyingi za mlimani zinafaa chombo kinachokaa juu ya moto, au kinachohitaji maji ya moto tu.

Na hapa mlima unawapendelea. Kahawa inataka maji ya nyuzi 90 hadi 96. Dar es Salaam maji yanachemka kwenye nyuzi 100, kwa hiyo mtu wa kule akitoa birika motoni anasubiri nusu dakika hadi dakika moja. Lakini kila unapopanda mita 300, maji yanachemka kwa pungufu ya nyuzi 1 hivi. Anayekaa kwenye mita 1,500 maji yake yanachemka kwenye nyuzi 95. Mimina mara yanapochemka! Mkisoma maelekezo ya kwenye boksi yanayosema subiri, hayakuandikwa kwa ajili ya Rombo.

Sasa tuje kwenye vyombo vyenyewe.

Mwaka 1933 wazee wetu walianzisha KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Hiyo mnaijua. Mwaka huo huo, kijiji cha Crusinallo, kaskazini mwa Italia, fundi wa alumini aitwaye Alfonso Bialetti alianza kutengeneza birika dogo lenye pembe nane. Wakati huo Muitaliano aliyetaka kahawa nzito aliifuata kwenye mgahawa, kwenye mashine kubwa ya mvuke. Birika la Bialetti liliileta kahawa hiyo juu ya jiko la nyumbani. Ndiyo moka. Hii hapa, naiinua muione wote.

Ina vipande vitatu. Chini kuna tangi la maji, lenye vali ndogo ya shaba ubavuni. Katikati kuna kikapu cha kahawa chenye mrija. Juu kuna jagi, na chini ya jagi kuna chujio la bati na mpira mweupe wa kuzuia mvuke. Maji yakipata moto, mvuke unayasukuma kupanda kwenye mrija, yanapita kwenye kahawa, yanatokeza juu. Nguvu ya msukumo huo, kwa kipimo kinachoitwa bar, ni kama 1 hadi 2. Espreso, ile kahawa nzito ya mashine ya mgahawani, ni bar 9, kwa hiyo msidanganywe na muuzaji kwamba hii ni espreso. Ni kahawa nzito, nzuri, ya aina yake.

Angalieni mikono yangu. Maji yameshachemka kwenye birika lingine; ninayamimina tangini mpaka chini kidogo ya vali. Kamwe yasiifunike vali, maana hiyo ndiyo njia ya mvuke kutokea siku mambo yakiziba. Ninaweka kikapu. Ninajaza kahawa mpaka ukingoni, ninasawazisha kwa kidole, wala sishindilii. Ukishindilia, maji yanakosa njia. Ninapangusa ukingo, punje hata moja isibaki hapo. Tangi ni la moto sasa, kwa hiyo nalishika kwa kitambaa, nakaza jagi kwa kulishika mwili wake, maana mkono ni wa plastiki na unavunjika. Moto mdogo, usiozidi upana wa kitako. Kifuniko nakiacha wazi ili nione. Baada ya dakika mbili au tatu inatoka polepole, nyeusi yenye wekundu, inateleza kama asali. Rangi ikianza kupauka na sauti ikianza kukoroma, naitoa motoni hapo hapo na kulowesha kitako kwenye maji baridi. Anayeiacha ikorome mpaka imalize ndiye anayelalamika kwamba moka ni chungu.

Nini huharibika? Mvuke ukitoka kiunoni, kuna mambo matatu: hukukaza, kuna punje ukingoni, au mpira umekuwa mgumu. Mpira unabadilishwa, nunua wa ziada siku ile ile unaponunua moka, wa saizi yake. Maji yasipopanda kabisa, zima moto, ipoe kabisa, ndipo ufungue: umesaga laini mno, au chujio limeziba. Usiifungue ikiwa na moto. Jamani, narudia kwa ajili ya watoto walioko nyumbani: usiifungue ikiwa na moto. Unga mweupe ndani ya tangi unatokana na kuihifadhi mbichi. Ikaushe, iweke ikiwa imefunguliwa vipande. Isioshwe kwa steelwire. Na wenye jiko la gesi, moka ndogo haikai vizuri juu ya vyuma vya jiko, inapinduka. Mwambie fundi wa kuchomelea akukatie kipande cha wavu wa chuma.

Halafu ukubwa. Muuzaji atakuambia hii ni ya vikombe 3. Vikombe gani? Vidogo vile vya kahawa! Moka ya vikombe 3 inatoa mililita 130 hivi kwa gramu 15 hadi 17 za kahawa. Hiyo ni ya mtu mmoja anayekunywa na maziwa. Nyumba ya watu wanne ichukue ya vikombe 6 na kuongeza maji ya moto au maziwa. Wala usinunue kubwa kwa kudhani utaijaza nusu, maana kikapu kisipojaa maji yanapita pembeni na kahawa inakuwa kama maji ya kuoshea sufuria.

Nimekaa sana kwenye moka kwa sababu ndiyo ningependa iingie nyumba nyingi hapa. Presi nitaipita haraka kwa kuwa kazi yake ni nyepesi: gramu 60 zilizosagwa kwa ukubwa, lita 1 ya maji, koroga, funika, dakika 4, bonyeza polepole, mimina yote. Mimina yote! Ukiiacha ikae ndani na machicha inaendelea kuiva na kuwa chungu. Kioo chake ndicho kinachowaliza watu, kinapasuka kwa maji ya moto kikiwa baridi, au kwa kugongwa kijiko. Chagua ya chuma isiyoshika kutu. Ni ghali zaidi mara moja tu.

Na karatasi? Mwaka 1908, mjini Dresden, Ujerumani, mama wa nyumbani aitwaye Melitta Bentz alichoshwa na machicha kwenye kikombe. Alichukua chombo cha shaba, akakitoboa kitako kwa msumari, akatandika ndani karatasi ya kukaushia wino kutoka kwenye daftari la mwanawe, akamimina. Kahawa ikatoka safi. Akachukua hataza mwaka ule ule, na kampuni aliyoianzisha ipo hadi leo. Mama wa jikoni, msumari na karatasi ya shule!

Leo koni ya plastiki yenye karatasi ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuonja kahawa yenu jinsi ilivyo, ule uchachu wake mwema na harufu ya maua. Gramu 15, maji mililita 250. Lowesha karatasi kwanza, mwaga maji hayo. Mimina kidogo, kama mililita 40, subiri sekunde 40 kahawa ivimbe na kutoa hewa, kisha mimina kilichobaki kwa mzunguko. Yote imalizike ndani ya dakika 3. Ikichukua dakika 5, umesaga laini mno. Ikimalizika kwa dakika moja na nusu, umesaga nene mno. Karatasi pia inazuia mafuta ya kahawa yanayopandisha kolesteroli, jambo ambalo presi na kahawa ya kuchemsha hazifanyi. Aliyeambiwa na daktari kuhusu kolesteroli aichukue njia hii. Lakini kabla ya kununua koni, uliza karatasi zinapatikana wapi na bei gani. Kama hazipatikani karibu, shona mfuko wa kitambaa cheupe cha pamba. Uchemshe kabla ya kutumia mara ya kwanza, usiuoshe kwa sabuni hata siku moja, ukaushe kabisa juani.

Mashine ya umeme ya chujio inafanya kazi ile ile ya koni, na inafaa nyumba yenye watu wengi na umeme wa uhakika. Chagua yenye jagi la chupa ya chai, isiyo na sahani ya moto. Kahawa ikikaa nusu saa juu ya sahani inanuka kuungua. Ukiona birika lako la chai linafanya ukoko mweupe, mashine nayo inaufanya ndani, mahali usipopaona, na maji yatapita kwa shida. Kila mwezi pitisha siki na maji, kiasi kimoja kwa viwili, kisha maji matupu mara mbili.

Mashine ya espreso ya nyumbani? Inataka gramu 18 zilizosagwa laini sana, zitoe gramu 36 za kahawa kwa sekunde 25 hadi 30. Punje zikizidi unene kidogo inachuruzika kwa sekunde kumi, zikizidi ulaini inaziba. Kinu chake peke yake kinaweza kugharimu sawa na mashine. Maandishi ya bar 15 kwenye boksi yasikutetemeshe, inayohitajika ni 9. Mwenye nia ya kufungua mgahawa, tuzungumze baadaye. Na ile ya vidonge, yaani vikopo vidogo vya kahawa vilivyofungwa kiwandani, ndugu zangu, ile inakubali vidonge vyake tu, vyenye gramu 5 au 6 za kahawa ya mtu mwingine. Mkulima wa kahawa, mashine inayokataa kahawa yako ya nini?

Tusisahau wenzetu wa pwani, ambao miaka yote wanaweka dele juu ya makaa na kumimina kahawa chungu kwenye vikombe visivyo na mkono, na kashata pembeni. Hawakusubiri mashine. Na wewe usiye na shilingi ya kununua chochote leo, sufuria unayo: lita 1 ya maji yaliyochemka, itoe motoni, tia gramu 60 zilizotwangwa na kuchekechwa, koroga, funika dakika 4, vunja utando wa juu kwa kijiko, subiri dakika mbili machicha yashuke, mimina polepole kupitia kitambaa. Kahawa nzuri kabisa.

Pale mezani kuna moka tatu, presi mbili, koni nne na mfuko wa kitambaa. Kahawa ni ya shamba la mwanachama mmoja aliyeko humu ndani, imekaangwa siku tano zilizopita, na vinu vya mkono ni sita. Kila mmoja asage gramu zake 15, asugue kwa vidole kabla ya kumimina maji. Mama wa safu ya kwanza, anzeni ninyi. Mzee wangu, wewe shika hii moka, kifuniko kikiwa wazi, na ikianza kukoroma usiniite, itoe tu.